Maziwa ya Yatima Hununuliwa Kila Siku



Liko swali moja ambalo watu hulitoa wakiisha kuwatazama ndama wa tembo wakinyweshwa maziwa kwa chupa kule Nairobi. Kwanza husikitika, kwa maana kila ndama pale amefiwa na mama yake au amepotezana naye. Kisha hucheka, kwa kuwa ndama ni mtundu kama mtoto yeyote. Halafu huuliza: "Maziwa yote haya yanalipwa na nani?"

Ni swali la mtu mwenye nyumba. Kila baba na kila mama anayelisha watoto ajua ya kuwa huruma ni kitu chema, lakini huruma peke yake haijazi chupa. Basi juma hili tuongee habari ya fedha za wale wanaookoa wanyama wa porini: hutoka wapi, hukatika kwa sababu gani, na hudumishwa kwa njia zipi. Na wewe usiye na haja na tembo, usigeuze ukurasa upesi. Mambo haya ni yale yale ya nyumba ya mayatima ya parokia yako, na ya zahanati, na ya shule ya watoto wadogo.

Kasisi aliyefungwa kwa deni

Mwezi wa Juni mwaka 1824, watu wachache walikutana katika nyumba ya kahawa mjini London. Mmoja wao alikuwa William Wilberforce, yule aliyepigana miaka mingi bungeni kuikomesha biashara ya watumwa. Aliyewaita alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiingereza, jina lake Arthur Broome. Siku hiyo wakaunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama.

Broome alikuwa na moyo mkubwa. Aliacha parokia yake, akaacha na posho yake, akawa katibu wa chama. Akaajiri watu wa kuzunguka sokoni na njiani kuwaangalia wanaotesa ng'ombe na farasi, ili wapelekwe mbele ya sheria. Kazi ilikuwa njema, ila matumizi yalipita mapato. Mwaka 1826 chama kilikuwa kimezama katika madeni, na kwa kuwa katibu ndiye aliyeyabeba, Kasisi Broome akatiwa gerezani. Wenzake wakatafuta fedha wakamtoa.

Chama chenyewe hakikufa. Mwaka 1840 Malkia Victoria alikipa ruhusa ya kujiita cha Kifalme, na hata leo kipo, chaokoa wanyama wa nyumbani na wa porini. Sehemu kubwa ya mapato yake siku hizi hutokana na wasia, yaani mali ambayo watu huandika kabla ya kufa kwao kwamba itolewe kwa kazi hiyo. Angalia tofauti, msomaji. Kilipotegemea mfuko wa wachache kilimpeleka mtu jela. Kilipotegemea mifuko ya wengi kimepita umri wa miaka 200.

Huruma ya miaka kumi

Wengi wetu twadhani kumwokoa mnyama ni kazi ya siku moja. Twaona picha ya ndama akivutwa kutoka shimoni, watu wanapiga makofi, na habari imekwisha. Kumbe siku hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Siku hiyo watoaji ni wengi, maana picha yenyewe yaomba. Kazi ngumu huanza kesho yake, wakati wapiga picha wamekwisha kwenda zao.

Tuhesabu kidogo. Ndama mchanga wa tembo hunyweshwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Hawezi kunywa maziwa ya ng'ombe kama yalivyo, kwa maana mafuta ya maziwa hayo humdhuru. Bibi Daphne Sheldrick wa Kenya alijaribu miaka mingi, na ndama wengi wakamfia mikononi, hata alipogundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayofaa mahali pa mafuta ya maziwa. Ndama huyo atahitaji maziwa kwa muda wa miaka mitatu hivi. Atahitaji mlezi wa kulala naye usiku. Na akiisha kuachishwa maziwa, hupelekwa karibu na tembo wa porini azoeane nao kidogo kidogo, na safari hiyo yaweza kuchukua miaka kumi tangu siku alipookolewa.

Sokwe naye ana hesabu ndefu zaidi. Sokwe aliyenyang'anywa mama yake na wawindaji, akauzwa sokoni, mara nyingi hawezi kurudi msituni tena. Naye aweza kuishi miaka 50 na zaidi. Anayempokea sokwe mmoja mdogo leo amekubali mzigo ambao huenda watoto wake ndio watakaoumaliza.

Bwana wetu alitufundisha habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba yampasa aketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa kwa kuweka msingi asioweza kuumaliza. Mjenzi asiyehesabu huachiwa kicheko. Chama cha kuokoa wanyama kisichohesabu huachiwa vinywa vyenye njaa.

Funzo la ndama Aisha

Bibi Daphne alikuwa mke wa Bwana David Sheldrick, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Mashariki. Mwaka 1974 alimlea ndama mchanga aliyeitwa Aisha. Ndama alistawi, naye alimpenda Bibi Daphne peke yake, hakumtaka mwingine. Ikaja harusi ya binti yake Daphne, ikambidi mama aende. Aisha akaachwa na watu wengine, akakataa kula, akafa.

Tangu hapo Bibi Daphne alifanya sharti: asiwepo ndama anayeshikamana na mlezi mmoja tu. Walezi hubadilishana usiku kwa usiku, ili ndama awapende wote, na mmoja akiugua au akienda likizo, mtoto asivunjike moyo.

Nami naona ya kuwa sharti hili lafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila chama cha hisani. Chama chenye mfadhili mmoja ni kama Aisha. Siku mfadhili anapokwenda harusini, chama hukataa kula.

Wengi wenye kidogo

Bwana David alifariki mwaka 1977, na mwaka huo huo mjane wake akaanzisha shirika kwa ukumbusho wake. Bibi Daphne mwenyewe alifariki mwaka 2018, na binti yake mwingine, Angela, ndiye anayeliongoza. Shirika hilo limekwisha kulea tembo yatima zaidi ya 200, na wale waliorudi porini wamezaa zaidi ya ndama 50. Limewezaje?

Njia yake kubwa ni hii. Mtu yeyote duniani aweza kuchagua ndama mmoja kwa jina lake na kuwa mlezi wake wa mbali, kwa kulipa fedha kidogo kila mwaka. Kwa miaka mingi kiwango cha chini kimekuwa dola 50. Ndama haendi kwa mlezi huyo, wala hawi mali yake. Ndama mmoja aweza kuwa na walezi wa mbali wengi sana. Wao hupata habari zake kila mwezi: ameongezeka nguvu, ametembea na nani, ameugua nini. Na shirika limefungua matawi Uingereza na Marekani, ili watoaji wa huko watoe huko huko kwao kwa taratibu za nchi zao.

Hekima yake si ngumu kuiona. Tajiri mmoja akitoa dola 50,000, chama hufurahi mwaka mmoja na kuhangaika mwaka wa pili. Watu 1,000 wakitoa dola 50 kila mmoja, fedha ni zile zile, lakini wakiondoka 100, wamebaki 900. Tena watu hao wanaandikiwa barua, nao wanajua jina la yule wanayemlisha, basi mwaka ujao hurudi. Yule mjane wa Injili aliyetia senti mbili katika sanduku la hekalu hakuwa peke yake. Kila chama kilichodumu kimesimama juu ya wajane wengi kama yeye.

Mguu uliovunjika mwaka 2020

Kigoda cha kwetu kina miguu mitatu au minne, wala hakuna fundi anayetengeneza cha mguu mmoja. Mguu wa pili wa vyama hivi ni viingilio vya wageni. Kule Nairobi watu huingia kwa saa moja tu ya asubuhi, hulipa, huona ndama wakinywa na kuoga matope, kisha hutoka. 

Huko Uganda kuna kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Viktoria, kilomita 23 kutoka Entebbe. Tangu mwaka 1998 kimekuwa kimbilio la sokwe yatima, na wako kama 50. Msitu wa kisiwa ni wa ekari kama 100, nao hautoshi kuwalisha, basi kila siku chakula hununuliwa na kuvushwa kwa mashua. Wageni huja, husimama kwenye jukwaa kuwatazama wakila, na kiingilio chao husaidia kununua chakula hicho.

Ikaja korona. Mwezi wa Machi 2020 mipaka ilifungwa, ndege zikalala, wageni wakakatika. Lakini sokwe hawakuambiwa wapunguze kula. Kila kimbilio lililosimama kwa mguu wa wageni peke yake liliyumba vibaya mwaka ule, na waliokuwa na watoaji wa mbali au akiba kidogo ndio waliopumua. Hapo wengi walijifunza kwamba mgeni ni baraka, lakini hafai kuwa nguzo pekee.

Tena wageni huleta kishawishi. Mgeni hupenda kumshika mtoto wa sokwe na kupigwa picha naye, na yuko tayari kulipa zaidi. Kimbilio lililo na njaa ya fedha huanza kukubali. Siku si nyingi wanyama huwa ni wa wageni, wala si wa kuokolewa tena. Hata katika intaneti wamejitokeza watu wanaomtia mnyama hatarini kwa makusudi, wakajipiga picha wanamwokoa, wakaomba michango. Huo ni uongo na ukatili vimefungwa kamba moja. Kwa hiyo, ukiombwa mchango, uliza kwanza: je, wanawarudisha wanyama porini wanaoweza kurudi? Je, wanawakataza wageni kuwashikashika? Je, wanaonyesha hesabu zao za mwaka? Asiyeonyesha daftari, mwache.

Fedha ibaki kwa jirani

Mguu wa tatu ndio unaonipendeza zaidi. Katika nchi ya Wasamburu, kaskazini mwa Kenya, kuna kimbilio la tembo liitwalo Reteti, lililofunguliwa mwaka 2016, nalo ni mali ya wenyeji wenyewe. Mwanzoni ndama walinyweshwa maziwa ya unga ya watoto wachanga, yaliyotoka mbali na kugharimu sana. Mwaka 2020, wakati korona ilipozuia mizigo, walianza kutumia maziwa ya mbuzi, na ndama wakastawi. Maziwa hayo hununuliwa kwa kina mama wa Kisamburu wa jirani.

Fikiri maana yake, msomaji. Zamani shilingi ya maziwa ilivuka bahari. Sasa yaingia katika mkono wa mama anayefuga mbuzi, naye hulipa karo na kununua unga. Tembo ambaye jana alikuwa adui wa kisima chake, leo ni mnunuzi wa maziwa yake. Akimwona ndama amekwama, atakwenda kutoa habari. Hata chama kikipungukiwa na wageni, gharama zake ni ndogo kuliko zamani, na marafiki zake wako karibu.

Huko Watamu, pwani ya Kenya, liko jambo kama hilo. Mvuvi akimkuta kasa katika wavu wake, huwapigia simu wanaotunza kasa, nao huja kumchukua, humtibu akiwa ameumia, humrudisha baharini. Mvuvi hupewa fedha kidogo kwa usumbufu wake. Si bei ya kasa, kwa maana wangefanya hivyo wangekuwa wamefungua soko. Ni asante tu. Kwa njia hii kasa zaidi ya 20,000 wamerudishwa baharini. Wavuvi ndio macho ya kazi hiyo, na hakuna chama ambacho kingeweza kuwaajiri walinzi wengi hivyo.

Kuzuia ni nafuu kuliko kutibu

Liko jambo jingine ambalo halionekani katika picha. Namna iliyo rahisi ya kupunguza gharama za mayatima ni kupunguza mayatima. Mtego mmoja wa waya, ambao bei yake ni kama bure, waweza kumkata tembo mguu; na matibabu yake yataka daktari, dawa za usingizi, gari, na pengine ndege. Kwa hiyo tangu mwaka 1999 shirika la Sheldrick, pamoja na askari wa wanyama wa Serikali, limekuwa na vikosi vya kutembea porini kung'oa mitego. Kung'oa mtego hakumlizi mtu, wala hakuna anayeleta kamera. Lakini kila mtego uliong'olewa ni chupa nyingi za maziwa ambazo hazitanunuliwa.

Ndiyo sababu mtoaji mwenye akili hasemi, "Fedha yangu iende kwa ndama tu." Husema, "Itumieni panapohitajika." Fedha iliyofungwa kwa jina la ndama mmoja haiwezi kulipa mafuta ya gari la ng'oa-mitego.

Na watu wenye njaa je?

Najua, msomaji, kuna neno linalokuchoma. Utasema, "Watoto wa watu wanalala njaa, nawe waongea habari ya maziwa ya tembo." Ni neno la haki, wala halifai kupitwa pembeni.

Mwaka 2022 Kenya ilipatwa na ukame mkali. Serikali ilitangaza kwamba tangu Februari hadi Oktoba tembo 205 walikufa. Lakini ukame ule ule uliwaua ng'ombe na mbuzi wa wafugaji, na watu wakalia. Hayakuwa majanga mawili. Ardhi ikichoka, humnyima tembo na mfugaji pamoja.

Tena fedha nyingi za kulea tembo zatoka kwa watu wa mbali ambao wasingezileta huku kwa sababu nyingine, na zikifika huwa mishahara ya walezi, bei ya maziwa, na posho za askari. Hizo ni sufuria za watu. Lakini nasema wazi: mama mwenye mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo, na alipe karo. Mungu aliyempa mtu dunia ailime na kuitunza hakumwambia ausahau mkono wa mtoto wake. Wewe wa kijijini huombwi dola 50. Unaombwa kitu kingine.

Unaombwa usinunue nyama ya mwituni ya wizi. Ukiona mtego, toa habari. Na ukimkuta mtoto wa swala amelala peke yake majanini, usimbebe nyumbani kwa huruma. Mara nyingi mama yake amemficha na kwenda kula, naye atarudi. Ukimchukua, umemfanya yatima wewe mwenyewe, tena umevunja sheria. Ukiona kweli ameumia, ita ofisi ya wanyamapori iliyo karibu. Mchango huo haugharimu senti, nao huokoa gharama kubwa.

Maswali ya baraza la parokia

Sasa turudi nyumbani kwetu. Ni mara ngapi tumeona zahanati ya misheni iliyojengwa na mfadhili wa ng'ambo, ikapakwa rangi, ikazinduliwa kwa ngoma, na baada ya miaka mitano mlango una kufuli na buibui? Si kwamba watu hawakuwa na huruma. Walihesabu matofali, hawakuhesabu dawa za mwaka wa sita.

Kwa hiyo, baraza la parokia likikaa kuanzisha kazi yoyote ya huruma, ya watu au ya wanyama, na liulize maswali manne haya. La kwanza: mzigo huu ni wa miaka mingapi? La pili: mfadhili mkubwa akiondoka kesho, nani atanunua maziwa kesho kutwa? La tatu: fedha zetu zanufaisha jirani, au zapita tu kijijini kama gari la abiria lisilosimama? La nne: daftari la hesabu husomwa lini mbele ya watu wote?

Na liwepo fungu dogo la akiba lisiloguswa, hata likiwa la mapato ya miezi mitatu tu. Mkulima hali mbegu yake, hata kama njaa inauma.

Kuna na neno gumu ambalo kila mwenye huruma hana budi kujifunza kulisema: "Hatuwezi kupokea mwingine mpaka tumepata cha kumlisha." Linaumiza kulisema. Lakini nyumba iliyopokea mayatima 40 kwa chakula cha 20 haijaokoa 40. Imewagawia njaa wote. Afadhali kuwaita majirani mapema na kugawana mzigo, kuliko kungoja mpaka ghala limekwisha.

Kwaheri, msomaji, na Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Jumapili hii, ukitia sadaka, tazama pia kama kuna karatasi ya hesabu ukutani kanisani. Kama ipo, isome. Kama haipo, mwulize mwenyekiti kwa adabu itabandikwa lini.